Paka wa Nasaba na Kifua cha Mtoto Wetu



Mwezi uliopita mwalimu mmoja jirani yetu, ambaye mke wake hupiga chafya kila apitapo paka, alitujia jioni akatuuliza mambo mawili. La kwanza, kama ni kweli kwamba twafuga paka ndani ya nyumba iliyo na mtoto mgonjwa wa pumu. La pili, kama ni kweli kwamba paka huyo twalimnunua kwa fedha, hali paka wa bure wamejaa sokoni hata hupigwa mawe. Twalimjibu kwamba yote mawili ni kweli. Akacheka, kisha akanyamaza, kwa maana hakuja kucheka bali alikuja kutafuta shauri. Na kwa kuwa yeye si wa kwanza kuuliza, twaona yafaa tuyaandike mambo haya kama yalivyokuwa, pamoja na lile ambalo hatupendi kulisimulia.

Nyumba yetu iko upande wa Kilifi, si mbali na barabara iendayo Malindi. Watoto wetu ni wanne. Binti wa pili wakati huo alikuwa na miaka 11, naye tangu alipoanza kutambaa hakuona mnyama asimfuate. Kijana wa tatu alikuwa na miaka 8, naye ndiye mwenye pumu. Sisi wenyewe tangu utotoni macho hutuwasha tukikaa penye vumbi au penye paka, lakini hilo twalilihesabu kuwa jambo dogo, kama mtu ahesabuvyo upele wa joto.

Mwaka 2021, wakati wa masika, paka mmoja wa kijivu aliingia jikoni mwetu akajikunyata kando ya mafiga. Hatukumwita wala hatukumfukuza. Siku zile panya walikuwa wametushinda: walitoboa gunia la mahindi, wakala sabuni, wakatafuna pembe za vitabu vya kuimbia hata kurasa zikawa kama kuchana. Paka yule alipokaa majuma mawili, panya walihama. Binti yetu akampa kigae cha kulia na kumtengea kichwa cha samaki kila jioni. Nasi twaliona kheri.

Hata usiku mmoja kijana wetu akaamka kifua kimembana, mbavu zinaingia ndani kila avutapo pumzi, midomo imeanza kugeuka rangi. Twalimpakia kwenye pikipiki katikati yetu na mama yake, tukafika hospitali, wakamvutisha dawa ya mvuke mpaka alfajiri. Mzazi aliyepata kuusikia mlio ule wa kifua cha mtoto hahitaji kuambiwa zaidi.

Asubuhi twalirudi nyumbani peke yetu kuchukua nguo, tukamkuta paka amelala juu ya mto wa mtoto. Hasira na hofu zikatushika pamoja. Twalimtia katika kikapu cha ukili, tukafunga kwa kamba, tukampa utingo wa matatu ampeleke mbali, popote pale. Binti alikuwa shuleni. Aliporudi alizunguka nyumba akiita, na kigae chake mkononi. Akatuuliza, nasi tukamwambia, "Paka ametoroka, mwanangu." Sisi tulio walimu wa watoto wa watu tulisema hivyo bila kupepesa jicho. Siku ya tatu alisikia khabari ya kikapu kutoka kwa mdogo wake. Hakulia, wala hakutuletea neno. Ila tangu siku ile hakutuuliza tena jambo lolote, bali kila ajapo kutaka kujua kitu, alikwenda kwa mama yake.

Basi, kama paka angalikuwa ndiye ugonjwa, kijana angalipona. Hakupona. Aliendelea kukohoa usiku, mwezi wa kwanza, na wa pili, na wa tatu. Ndipo mama watoto akasema, "Mwalimu, paka umemfukuza na kikohozi kimebaki. Sasa utamfukuza nani?" Neno hilo ndilo lililotupeleka kwa daktari wa vifua.

Daktari yule ni mtu mpole, asiyechoka kuulizwa. Alimwekea mtoto matone madogo madogo juu ya mkono, kila tone la kitu chake: utitiri wa vumbi, mende, paka, ukungu, chavua ya majani, na tone la maji ya chumvi lisilo na kitu, ili awe na la kulinganishia. Kisha alichoma ngozi kidogo sana katika kila tone, akatwambia tungoje dakika 15. Utitiri ulivimba milimita 8, mende 5, paka 4, na maji ya chumvi hayakuvimba. Akasema kivimbe kinachofika milimita 3 kuliko kile cha maji ya chumvi huhesabiwa. Basi paka alikuwamo katika hesabu, lakini hakuwa wa kwanza. Wa kwanza walikuwa wadudu wasioonekana, wakaao katika godoro letu la sufi ambalo mtoto alilirithi kwa kaka yake, naye kaka alilirithi kwetu.

Ndipo alipotufafanulia jambo ambalo twaona kila nyumba yafaa ilijue. Neno aleji, ambalo vijana wa siku hizi hulisema kwa kila chakula wasichokipenda, lilitungwa mwaka 1906 na Clemens von Pirquet, daktari wa Vienna. Sisi twauita mzio. Mwili wa mtu hukidhania kitu kisicho na madhara kuwa ni adui, ukapigana nacho, na vita hivyo ndivyo viletavyo chafya, macho mekundu, na kwa mwenye pumu kubanwa njia za pumzi. Watu wengi husema ni nywele za paka. Sizo. Ni protini ambayo wataalamu huiita Fel d 1, nayo hutoka hasa katika mate ya paka na katika tezi za ngozi yake. Paka hujiramba mchana kutwa. Mate hukauka juu ya manyoya, yakawa vumbi jembamba mno, likapeperuka. Vumbi hilo halianguki upesi kama la barabarani, bali huelea hewani muda mrefu, na likitua hushika ukutani, katika mapazia, magodoro na nguo. Paka akiondoka leo, vumbi lake laweza kukaa nyumbani miezi minne, mitano, hata zaidi. Hata nyumba isiyofuga paka huwa nalo, kwa maana watu hulibeba mavazini. Tulipoyasikia hayo tulikumbuka kikapu chetu, tukatazama chini.

Twalimwuliza daktari kama twaweza kuwa na paka tena. Asifikiri msomaji kwamba alituhimiza. Alisema waziwazi kwamba kwa nyumba yenye mtoto wa pumu, shauri la kwanza la daktari yeyote ni kukaa bila paka, na kwamba mtoto ambaye pumu yake haijatulia asijaribiwe kabisa. Akatutaka kwanza tusafishe nyumba na kutumia dawa kwa miezi sita, ndipo turudi tuseme naye.

Tukafanya hivyo. Godoro la sufi tulilichoma moto. Tukanunua jingine na kulivika mfuko uliofumwa kwa kushikamana, usiopitisha utitiri. Mashuka tukayafua kila juma kwa maji ya moto sana. Mapazia ya chumbani tukayaondoa. Mende tukawapiga vita kwa kufunika chakula na kuziba nyufa. Na kijana akapewa pampu mbili: moja ya kuzuia, ya kila siku asubuhi na jioni, ajapokuwa mzima, na baada yake husukutua kinywa, nyingine ya kutuliza, ya wakati wa kubanwa tu. Wazazi wengi huiacha ile ya kwanza mara waonapo mtoto hakohoi. Tafadhali msiiache. Kutokohoa ndiyo kazi yake.

Miezi ikapita, kijana akalala usiku kucha. Lakini panya wakarudi, na yule binti akawa bado hatuulizi neno. Kijana mwenyewe ndiye aliyesema siku moja mezani, "Baba, mkileta paka mimi sitamgusa, dada atamgusa." Mama yake aliinuka akaenda jikoni.

Hapo ndipo tulipotaka kudanganywa, na tulikuwa tayari kabisa kudanganyika. Muuzaji mmoja wa mjini, ambaye jina lake halina faida hapa, alitutangazia kitoto cha paka wa Siberia, mwenye manyoya marefu kama kondoo, akaapa kwamba jamii hiyo haina mzio hata kidogo. Bei aliyoitaja ilipita karo ya mihula miwili. Twalikwisha kukopa nusu yake. Kwa bahati twalimpigia daktari simu kwanza, akatwambia: hakuna jamii ya paka isiyotoa protini ile. Ni kweli kwamba baadhi ya paka wa Siberia wamepimwa wakaonekana na kiasi kidogo. Lakini ni baadhi, na ndugu wawili wa tumbo moja huweza kutofautiana sana. Hata paka wasio na manyoya, waitwao Sphynx, ngozi yao hutoa ile ile, tena hutaka kuogeshwa mara kwa mara. Na sisi tukajiongezea neno letu: mnyama wa nchi ya theluji, avae blanketi lile katika joto la Machi hapa pwani, yeye naye ana haki zake. Fedha tukazirudisha kwa mwenyewe.

Basi tukajifunza kwamba faida ya paka wa nasaba haiko katika jina la jamii. Iko hapa: wazazi wake wajulikana, nawe waweza kwenda ukakaa nao. Kitoto cha majuma 8 hakikuonyeshi atakavyokuwa paka mzima, lakini mama yake aweza kukuonyesha kitu. Tena mfugaji mwaminifu hukubali kuandika kwamba mambo yasipofaa atampokea tena mnyama wake. Wa sokoni hana mama umjuaye, wala mtu wa kumrudishia, ila utingo wa matatu.

Na jamii yenyewe tulikuwa nayo mlangoni petu bila kujua. Msitu wa Arabuko-Sokoke, ambao wengi wetu huupita kwa gari tukisinzia, una eneo la kilomita za mraba 420 hivi, nao umewapa walimwengu bundi wake mdogo na paka wake. Wagiriama walimjua paka huyo zamani, wakamwita khadzonzo. Mwaka 1978 Jeni Slater, aliyekuwa akikaa huku pwani, alipata vitoto vyake akavilea na kuvizalisha. Mwaka 1984 Gloria Moldrup akawapeleka wengine Denmark. Na mwaka 1993 shirikisho la wafugaji wa paka la Ulaya, FIFe, likawakubali kuwa jamii kamili, kwa jina la Sokoke. Ni paka mwembamba, wa miguu mirefu, ya nyuma ikiizidi ya mbele, hata hutembea kama achungulia ukuta. Rangi yake ni ya gome la mti, mabaka ya kahawia yaliyozungukana, na macho yake huanzia rangi ya kaharabu hata kijani. Wataalamu wa nasaba humweka katika kundi la paka wa Asia, jambo lisiloshangaza pwani ya majahazi. Manyoya yake ni mafupi, yamelala, na baridi haiwezi. Walakini twarudia: ufupi wa manyoya si dawa ya mzio. Tulimchagua kwa kuwa twaweza kumfikia mama yake kwa safari ya saa moja.

Bibi mmoja mwenye kuwafuga alitukaribisha, tukaenda mara tatu. Mara ya kwanza tulikaa barazani tu, kwenye upepo, pampu ya kutuliza mfukoni. Mara ya pili tulikaa chumbani saa nzima pamoja na paka wakubwa, baba na mama. Mara ya tatu vivyo hivyo. Daktari alikuwa ametupa kipimo cha pumzi, bomba dogo ambalo mtoto hulipuliza kwa nguvu na mshale ukapanda. Tulipima kabla ya kwenda, tulipotoka, usiku, na tena asubuhi yake, kwa maana mzio mara nyingine hungoja saa kadhaa ndipo uonyeshe makucha. Karibu na paka dume, macho yetu sisi yalianza kuwasha, na kijana akapiga chafya mbili. Karibu na mama paka hakuwa na neno, na mshale haukushuka, wala siku ile wala kesho yake. Bibi yule akasema si ajabu: madume wasiohasiwa hutoa protini ile kwa wingi kuliko majike na kuliko waliohasiwa.

Palikuwa na vitoto vitatu. Dume moja lilikuwa jasiri, likapanda goti la binti yetu na kumng'ata kifungo cha shati, naye alikwisha kumpenda. Twalimwambia kwamba hatuwezi kuchukua dume. Tutachukua jike yule aliyekaa nyuma ya kiti. Alimtazama dume, akamweka chini polepole. Kisha akatugeukia, na mbele ya bibi wa watu akatuuliza, mara ya kwanza baada ya mwaka na zaidi, "Na huyu, Baba, mtampeleka wapi?"

Hatukuwa na jibu pale pale. Bibi yule alijifanya atafuta kalamu. Tulipofika nyumbani tulichukua daftari, na sisi na mama watoto na binti tukaandika: ya kwamba kikopo cha kwanza ni kifua cha mdogo wake, na kifua kikikataa, paka ataondoka; ya kwamba ataondoka kwenda kwa shangazi yao Mariakani, ambaye amekubali, wala si mahali pengine; ya kwamba hataondoka ila binti akiwapo, na yeye ndiye atakayemchukua. Na chini yake tukaandika kwamba yule wa kijivu hakutoroka. Tukatia sahihi sote. Daftari hilo analo yeye.

Wakati wa kuchagua kitoto, mambo ya kuangalia si mengi: macho makavu yasiyo na tongo, masikio yasiyo na uchafu mweusi, pua isiyochuruzika, nyuma pasafi, tumbo lisilovimba kama ngoma, maana hiyo mara nyingi ni minyoo. Yule jike alikuwa salama katika hayo yote, ila aibu tu. Bibi hakutupa siku ile. Alikaa naye mpaka majuma 12 yalipotimia, kwa kuwa kitoto kiachishwacho mapema hukosa adabu ambayo mama na ndugu humfundisha, kuuma na kuparura kukawa mchezo wake. Tulimpokea na cheti cha nasaba na kadi ya chanjo. Chanjo zilizobaki, pamoja na ile ya kichaa cha mbwa, tulizimaliza kwa daktari wa mifugo. Watoto wakamwita Zamaradi, kwa macho yake.

Kwa chakula, msimpe maziwa ya ng'ombe, ijapokuwa picha zote za vitabuni zamwonyesha akiyanywa. Paka wengi huharisha. Wala ugali na mchuzi hautoshi. Paka ni mla nyama kweli kweli. Kuna kitu kiitwacho taurini ambacho mwili wake haujitoshelezi, naye akikikosa macho na moyo wake huharibika. Samaki, kuku, nyama na chakula chake maalumu ndivyo vimfaavyo. Tena msimpe kamwe parasetamoli, hata chembe. Dawa ituponyayo sisi humwua yeye. Na dawa ya viroboto ya mbwa isitumiwe kwa paka, maana nyingi zina permethrini, nayo ni sumu kwake. Alipofika miezi mitano tulimfungisha kizazi.

Sanduku lake la mchanga huondolewa uchafu kila siku na sisi au kaka mkubwa, kamwe si mtoto wa pumu; na nyumba yenye mama mjamzito kazi hiyo imwepuke yeye, kwa sababu ya ugonjwa wa toksoplazima uwezao kumdhuru mtoto tumboni. Sakafu hatuifagii kavu, maana ufagio huamsha vumbi lililolala. Twaipiga kitambaa chenye maji. Mikeka hupigwa nje. Chumba cha kijana paka haingii, mchana wala usiku, na mlango wake una kamba ya kuufunga wenyewe. Zamaradi hupanguswa na binti kwa kitambaa chenye maji, barazani. Kumwosha kabisa husaidia kwa siku chache tu, kisha hali hurudi ile ile, kwa hiyo hatukumtesa. Tangu mwaka 2020 kuna pia chakula cha paka kilichotiwa kinga itokayo katika mayai ya kuku, iishikayo protini ile mdomoni. Majaribio ya watengenezaji wake yalionyesha kwamba kile kilichobaki juu ya manyoya kilipungua kwa wastani wa karibu nusu baada ya majuma matatu. Sisi hatukukinunua, kwa sababu ya bei tu.

Miezi mitatu ilipita bila shida. Binti alipima pumzi za mdogo wake asubuhi na jioni na kuandika katika daftari lile lile, upande wa nyuma. Kisha katika mwezi wa nne hesabu ikaanza kushuka. Si ghafula, kidogo kidogo, na jioni kuliko asubuhi. Kijana akaanza kukohoa alfajiri. Tulitazama godoro, likawa zuri. Tulitazama mlango wa chumba, umefungwa. Pampu ya kuzuia haikukosa siku. Mama watoto hakusema neno, lakini alianza kumtazama paka kwa namna tuliyoijua. Nasi usiku ule tulikaa tukifikiri safari ya Mariakani, na jinsi tutakavyosema.

Asubuhi binti alileta daftari. "Baba," akasema, "hesabu zilianza kushuka juma lile mlipoanza kusoma jioni kwenye kiti cha barazani." Tukamwuliza kiti chahusu nini. Akajibu, "Zamaradi hulala magotini mwenu mpaka saa tatu. Kisha mnaingia kusali na mdogo wangu, mnakaa kitandani kwake. Na shati ni lile lile."

Ndivyo ilivyokuwa. Paka hakuingia chumbani. Sisi ndio tuliomwingiza, kila usiku, kifuani na magotini, tukamwinamia mtoto na kumfunika shuka. Binti alisema hayo bila ukali, kama mtu asomaye hesabu ubaoni. Siku ile tulipigilia msumari nyuma ya mlango wa ukumbi. Shati la barazani hutundikwa pale, mikono hunawiwa, nguo safi huvaliwa, ndipo tuingie kwa kijana. Mashuka yake tuliyafua siku ile ile. Daktari tulimpelekea daftari, akaongeza dawa kwa majuma mawili, akasema tungoje. Katika juma la tatu mshale ulirudi mahali pake.

Sasa ni mwaka wa pili. Si kusema kwamba kijana amepona pumu. Kipupwe kikivuma hukohoa, na tulipopaka nyumba rangi tulimpeleka kwa bibi yake siku nne. Daftari lingali likiandikwa, na shangazi wa Mariakani angali akiuliza kama atapata paka wake au hatampata. Panya hawapo. Jirani yetu mwalimu tulimpa jina la daktari kwanza, na la bibi wa paka baadaye, tukamwomba azifuate safari zake kwa taratibu hiyo.

Juzi tulikuta Zamaradi amelishusha lile shati kutoka msumarini, amelikunja chini yake, na kulala. Tulisimama kumtazama. Binti alikuja nyuma yetu, akamwinua paka kwa mkono mmoja na shati kwa mkono wa pili, akatuuliza kama tunalo jingine la usiku huu.